Ua Linalotazama Ndani

Alikuja Kariobangi siku umeme ulipokatika,
vidole vyeusi kabla hajashika chochote changu.
Akauliza: ni wewe uliyetengeneza dirisha la Mama Kerubo,
ghorofa ya pili, juu ya kinyozi?
Nikadhani ameleta kesi.
Fundi hutafutwa kwa mambo mawili,
deni au kitu kilichoanguka.

Kumbe alitaka kosa.

Grili ile ina maua kumi na mawili ya bapa,
yote nimeyakunja kwa kigezo kimoja cha ubao na misumari,
mikia yote inatazama barabarani
isipokuwa ua moja, la nne kutoka chini.
Hilo linatazama ndani
kama mgeni aliyesikia jina lake likitajwa jikoni.

Nililijua siku zote.
Nililichomelea simu ilipolia kutoka Mbita
na aliyepiga hakusema neno, alivuta pumzi tu,
nami nikajua Obiero hayupo.
Mkono ulimaliza kazi bila mimi.
Kosa moja haliachi mke, nikajiambia,
nikapaka rangi ya fedha, nikalipwa,
nikapanda basi la usiku.

Mumbua (ndilo jina lake) akabandika karatasi juu ya chuma
akasugua mkaa polepole, kama anayemkanda mgonjwa.
Ua likatoka jeusi, tumbo wazi.
"Hili tu," akasema. "Mengine yanajua yanakokwenda."

Baada ya miezi saba akaniita Kilimani,
ukumbi mweupe, watu wameshika glasi kwa vidole viwili.
Nikaliona.
Ua langu. Kisha ua langu. Kisha ua langu,
safu juu ya safu, kitenge kisicho na upindo
kutoka darini hadi sakafuni,
na katikati mwanamke ameketi akimenya chungwa,
na shingo yake ni ua, na mapaja yake ni ua,
na ganda linaloning'inia kisuni ni mkia wa ua,
na ndani ya kila ua kuna dirisha dogo,
na kwenye dirisha, grili,
na kwenye grili
sikusogea tena. Niliogopa kuikuta simu.

Kijana mwenye shanga ndevuni akasema
nakshi ni dawa ya hofu ya mahali patupu.
Mwenzake akakataa: hii ni ndoto inayojikariri.
Mimi nilikuwa nahesabu.
Nilitafuta ua moja, moja tu,
lililokosea kwa kutazama nje.
Nikafika mia mbili na sita, macho yakatiririka
kama enzi zile kabla sijanunua miwani ya giza.

Halikuwepo.
Lile lililokuwa geni dirishani
hapa ndilo lililokuwa ukoo mzima,
na ukoo huo ulikuwa mzuri, Mungu anisamehe,
ulikuwa mzuri hata nikasahau kwa dakika nzima
umetokana na nini.

Mumbua akanisogelea. "Umekasirika?"
Nikamwambia bapa ya kazi kama hii
ingefika laki mbili, bila rangi.
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Jumatatu mteja wa Umoja akataka geti,
maua kumi na mawili, kama ya jirani, yasizidi.
Nikamuuliza: yatazame wapi?
Akanitazama kama aliyeulizwa maji hutiririkia wapi.
"Nje, fundi. Yatazame wapi tena?"

Nimemaliza kumi na moja.
La kumi na mbili liko mezani, bado lina moto,
halijageuka upande wowote,
na simu iko mfukoni, imenyamaza,
nami nimesimama na koleo
nikiusubiri mkono wangu useme.